Kutunza historia ya amri za Bash isipotee

Nilikesha nikiunda amri moja ndefu ya rsync (programu ya kunakili mafaili), yenye --exclude nne (za kutaja visivyonakiliwa), hadi ikafanya kazi nilivyotaka. Kabla sijafunga terminali, kompyuta ikazimika. Nilipoiwasha nikabonyeza mshale wa juu: amri ile haipo, wala nyingine yoyote ya usiku ule. Bash, programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, hushika amri zako kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huziandika kwenye faili la ~/.bash_history pale tu unapotoka. Isipopata nafasi ya kutoka vizuri, zimekwenda. Tena isipopangiwa kiasi, hutunza amri 500 tu, na anayeshinda kwenye terminali huzijaza kwa siku chache.

Hatua ya 1: Fungua faili la mipangilio kwa nano (programu ya kuhariri maandishi)

```
nano ~/.bashrc
```

Angalia kama HISTSIZE (idadi ya amri zinazoshikwa kwenye kumbukumbu) na HISTFILESIZE (zinazotunzwa kwenye faili) tayari zimo. Kwenye Ubuntu utazikuta, zikiwa 1000 na 2000. Zibadilishe hapo hapo zilipo, usiongeze mistari mipya chini ukaiacha ya zamani. Bash husoma faili hili kuanzia juu, na ikikuta HISTFILESIZE=2000 hulikata faili la historia papo hapo, kabla haijaufikia mstari wako. Kila ukifungua dirisha jipya, amri za zamani zinakatwa, na wewe unaamini umeshaweka 50000.

Hatua ya 2: Weka mipangilio hii

```
HISTSIZE=50000
HISTFILESIZE=50000
HISTCONTROL=ignoreboth
HISTTIMEFORMAT="%F %T "
shopt -s histappend
PROMPT_COMMAND="history -a; $PROMPT_COMMAND"
```

Mstari wa mwisho ndio ungeniokoa usiku ule: kila amri ikimalizika, Bash inaiandika kwenye faili bila kungoja utoke. histappend huifanya iongeze mwishoni mwa faili badala ya kuliandika upya. ignoreboth huacha amri iliyorudiwa mfululizo na ile iliyoanza kwa nafasi tupu. HISTTIMEFORMAT huonyesha tarehe na saa ya kila amri, lakini saa za amri ulizoandika kabla ya kuiweka usiziamini, kwa sababu hazikuhifadhiwa.

Hifadhi faili, kisha iambie Bash ilisome upya:

```
source ~/.bashrc
```

Hatua ya 3: Tafuta badala ya kupanda na mshale

Bonyeza Ctrl+R, andika kipande unachokikumbuka, mfano "exclude". Ikija amri nyingine, bonyeza Ctrl+R tena urudi nyuma zaidi. Ukiipata, usikimbilie Enter, maana itatekelezwa palepale. Bonyeza mshale wa kulia kwanza, uisome, urekebishe folda, ndipo uitekeleze. Kughairi ni Ctrl+G.

Hatua ya 4: Ondoa siri iliyoingia kwa bahati mbaya

Umeandika nenosiri ndani ya amri? Tafuta namba yake, tuseme ni 812:

```
history | tail
history -d 812
```

Hapo imetoka kwenye kumbukumbu ya dirisha hilo tu. Kwa kuwa sasa tunaandika kila amri mara moja, nakala yake imeshafika kwenye faili. Fungua ~/.bash_history kwa nano ufute mstari huo kwa mkono. Wapo wanaoshauri history -w. Mimi siitumii nikiwa na madirisha kadhaa, kwa sababu huliandika upya faili zima kwa amri za dirisha moja, na za mengine zinapotea.

Usilitafute nenosiri hilo kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili), maana amri ya grep nayo itaingia kwenye historia ikiwa nalo. Ukilazimika, anza na nafasi tupu. Na kama seva ina watumiaji wengine, badilisha nenosiri hata baada ya kufuta: amri ikiwa inaendelea, wenzako wanaweza kuiona yote kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea.