Majani ya porini kwa sungura: anza na matatu unayoyajua vizuri

Mfugaji anayeanza huomba kwanza orodha ya majani yenye sumu. Orodha hiyo haiishi. Fanya kinyume: yajue majani matatu barabara, na lolote usilolijua liache hukohuko shambani. Usimtegemee sungura akuchagulie, maana aliyefungiwa bandani na njaa yake hula anacholetewa, na sungura hawezi kutapika. Wala hoja ya "mbona mbuzi anakula" haina maana. Tumbo la mbuzi ni jingine kabisa.

Hatua ya 1: Angalia mahali kabla ya jani. Ruka kando ya barabara, mitaro ya maji machafu na sehemu wanapojisaidia mbwa. Kama ni shamba la mtu, muulize kama amepuliza dawa. Magugu yaliyopuliziwa huweza kubaki ya kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka, kwa hiyo macho hayatakusaidia.

Hatua ya 2: Jifunze haya matatu, yakiwa na maua. Machanga hufanana mno.

Kishona nguo, *Bidens pilosa*, kila aliyepita shambani na suruali anakijua kwa mbegu zake nyeusi. Vunja shina: lina pembe nne. Majani hutazamana mawili mawili, na kila jani kwa kawaida limegawanyika vipande vitatu au vitano vyenye kingo za msumeno. Lakini usiishie kwenye shina. *Lantana camara*, ile ya uzio yenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, nayo ina shina la pembe nne na majani yanayotazamana, na huharibu ini. Jani lake ni moja zima, linakwaruza kama msasa, na mara nyingi shina lina vimiba. Kishona nguo kichume kabla mbegu hazijakomaa, zisije zikamchoma mdomoni.

Mchunga, ile mboga chungu ya watu wa Pwani, una maua ya njano na hutoa maziwa ukiuvunja. Hapa ndipo wengi huchanganya. Kuna *Emilia*, gugu ambalo majani yake hufanana sana na ya mchunga, ila maua yake ni ya zambarau au rangi ya chungwa na halitoi maziwa. Hilo nalo ni sumu ya ini. Kwa hiyo ninataka vyote viwili, maziwa na ua la njano. Maziwa peke yake hayatoshi, kwani mnyaa nao unayo, na yale huunguza.

Kongwa, *Commelina benghalensis*, hutambaa, hutoa mizizi kwenye vifundo na ua la buluu. Chungulia pale jani linapokumbatia shina: utaona vinywele vyekundu-kahawia. Lina maji mengi, hivyo usimpe peke yake.

Hatua ya 3: Fikicha na unuse. *Ageratum conyzoides* hujichanganya na kishona nguo shambani. Jani lake halijagawanyika, shina lina vinywele, maua ni vishada vya samawati au vyeupe, na ukilifikicha linanuka beberu. Litupe. Mbarika, mranaha, majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mparachichi nayo yasiingie bandani. Mlusina huwapa wengine shida ya kunyonyoka manyoya ukizidi; mimi siuweki kabisa.

Hatua ya 4: Nyausha. Tandaza kivulini, geuza mara mojamoja mpaka yalegee. Usiyarundike, yatapata joto na kuvunda. Majani yenye umande au mvua ndiyo hasa ya kunyausha.

Hatua ya 5: Jaribu jani moja jipya kwa wakati mmoja. Toa kiasi kidogo kwa sungura mkubwa mwenye afya, nyasi kavu na maji vikiwepo muda wote, halafu angalia kinyesi mpaka kesho yake. Vidonge viwe vya duara, vikavu, vingi. Vikiwa laini, jani hilo lisimamishe. Waliotoka kuachishwa kunyonya wasiwe wa majaribio.

Ukiona amejikunja pembeni, anasaga meno, tumbo gumu au hatoi kinyesi, ondoa majani yote mabichi na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Beba na tawi la alichokula, lenye ua kama lipo.