Jinsi ya kufundisha kwaya "When Jesus Wept" ya William Billings

Billings alizaliwa Boston mwaka 1746. Alikuwa mtengenezaji wa ngozi, kazi ileile ya Simoni wa Yafa katika Biblia, na muziki alijifunza zaidi kwa juhudi zake. Mwaka 1770 alitoa The New-England Psalm Singer, kitabu cha kwanza kilichojaa tungo za Mmarekani mmoja peke yake. Wimbo huu umo humo, na ndio ninaoanza nao kila ninapopokea waimbaji wapya.

Hatua ya 1. Anza na maneno. Mishororo ni minne tu: Yesu alipolia, chozi lilidondoka na rehema ikafurika bila mpaka, alipougua, hofu iliushika ulimwengu wote wenye hatia. Waimbaji waisome kwa sauti hadi waielewe. Asiyejua kwamba hapa pana chozi ataimba mbiombio.

Hatua ya 2. Wote waimbe sauti moja. Mapigo ni matatu, na wimbo unatulia kwenye la, si kwenye do. Kwa hiyo waimbe la-do-mi mara kadhaa sikio lizoee. Wanafunzi wa Billings walitumia majina manne tu ya noti: fa, sol, la, mi. Nyinyi tumieni solfa mliyoizoea. Fundisha mshororo mmoja mmoja, bila kinanda, mpaka yote ikae kichwani. Niliwahi kuharakisha hapa, kundi la tatu likavutwa na la pili, wimbo ukakatika.

Hatua ya 3. Gawa makundi manne, kila moja liwe na mwimbaji asiyeyumba. Kundi la kwanza likifika mshororo wa pili, kundi la pili linaanza wa kwanza, na kuendelea hivyo. Nyanyua mkono mapema ili wanaoingia wavute pumzi pamoja. Kundi la nne likishaingia, punguzeni sauti na msikilize: mishororo yote minne inasikika kwa wakati mmoja, nayo inakubaliana. Hakuna aliyefundishwa sauti ya pili wala ya nne, lakini zote zimo ndani ya wimbo mmoja. Nimewaona waimbaji wakigeuka kutazamana hapo. Wape muda, rudieni.

Hatua ya 4. Kila kundi liimbe wimbo mara tatu, kisha linyamaze kwa zamu yake. La nne linamalizia peke yake.

Wakipumzika, wasimulie mwisho wa Billings. Wengine walichapa nyimbo zake bila kumlipa, akafa maskini mwaka 1800. Kaburi lake, katika bustani ya Boston Common, halina alama. Naona ni haki waimbaji walijue jina lake.

Hatua ya 5. Sasa nendeni kwenye "Africa", wimbo mwingine wa Billings, wa sauti nne. Alizoea kuzipa tuni majina ya mahali. Maneno yenyewe ni ya Isaac Watts na hayalitaji bara letu. Wimbo mkuu uko kwa tena (sauti ya juu ya wanaume), kwa hiyo soprano washushe sauti. Besi iwe nzito: Billings alishauri kwamba kwaya ikiwa na watu 40, 20 waimbe besi. Zamani wanawake nao waliimba mstari wa tena, oktava moja juu. Hamishia huko soprano wawili watatu, usikie wimbo unavyopanuka.