Somo: Keki ya siagi ya bibi, ile inayopimwa kwa mayai

Wengi wanaotafuta ladha ya keki ya bibi huanza kwa kutafuta kiungo cha siri. Mara nyingi hakipo. Ladha ile imo kwenye uzito wa vitu, aina ya mafuta na ulaini wa siagi siku ya kuchanganya. Ukipata hayo matatu, vanila utaweka yoyote.

Kanuni ya zamani ni hii: pima mayai na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kiwe na uzito uleule. Ndiyo maana bibi hakuhitaji kuandika kitu. Mayai yakiwa madogo, vingine vyote vinapungua pamoja nayo na keki haibadiliki.

Mahitaji (bati la duara, upana sm 20, kina sm 7 au zaidi)

Mayai 4, takriban gramu 240 pamoja na maganda
Siagi isiyo na chumvi, gramu 240
Sukari nyeupe yenye chembe ndogo, gramu 240
Unga wa ngano mweupe, gramu 240
Beking pauda, kijiko cha chai kimoja na nusu (gramu 6)
Chumvi, robo kijiko cha chai
Maziwa, vijiko vya chakula 2
Vanila kijiko cha chai kimoja, au ganda la limau moja lililokwaruzwa, sehemu ya njano tu

Hatua

1. Toa siagi na mayai kwenye friji mapema, saa moja hadi mbili kabla. Siagi inayofaa ina nyuzijoto 18 hadi 20: kidole kinazama kwa urahisi lakini siagi bado inashika umbo lake na haing'ai. Iking'aa imeshapita. Irudishe kwenye friji dakika 10.

2. Washa oveni nyuzi 170 (150 kama ina feni). Paka bati siagi, tandika karatasi ya kuokea chini na pembeni.

3. Chapa siagi na sukari. Hapa ndipo keki inapofanikiwa au inapoharibika, kwa hiyo usikimbie. Chembe za sukari zinatoboa siagi na kuacha vitundu vidogo vya hewa. Beking pauda haitengenezi vitundu vipya, inavikuza vilivyopo tu. Kwa mashine, mwendo wa kati, dakika 5 hadi 7. Kwa mwiko wa mbao ni robo saa au zaidi. Rangi itoke kwenye njano na kukaribia weupe, na mchanganyiko uwe mwepesi. Kila baada ya muda kwangua pembeni na chini ya bakuli, maana siagi isiyoguswa itakuja kuonekana kama mistari yenye mafuta ndani ya keki.

4. Piga mayai kidogo kwenye kikombe, uyamimine kwa awamu 5 au 6, ukichapa vizuri kila mara hadi yamezwe. Mchanganyiko ukikatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, sababu karibu kila mara ni mayai ya baridi: yamegandisha siagi ikashindwa kushika maji. Weka bakuli juu ya maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache huku ukichapa, au tia kijiko cha unga. Keki iliyokatika huiva, ila inatoka nzito na chembe zake ni kubwa.

5. Chekecha unga, beking pauda na chumvi pamoja. Tia nusu, geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, tia maziwa na vanila, kisha unga uliobaki. Weupe wa unga ukipotea tu, acha. Mashine isiguse hapa. Unga uliopigwa sana unajenga mnato, na keki inakuwa na matundu marefu wima na kutafunika kama mkate.

6. Mimina, sawazisha, chimba kidogo katikati kwa mgongo wa kijiko. Oka bila kufungua mlango kwa dakika 40 za mwanzo. Anza kukagua dakika ya 50. Njiti itoke bila uji, keki iwe imeanza kujitenga na bati, na ukiibonyeza katikati irudi. Mwenye kipimajoto cha kuchoma atazame nyuzi 96 hadi 98 katikati. Juu ikiwahi kuiva, funika kwa karatasi ya foili.

7. Acha kwenye bati dakika 15, kisha itoe ipoe kwenye waya. Ikibaki ndani ya bati hadi ipoe kabisa, mvuke unailowesha pembeni. Ikishapoa ifunge, na kesho yake ndiyo uikate, kama mna subira hiyo nyumbani. Siku ya pili inakatika vizuri zaidi na harufu ya siagi imetulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, daftari la bibi limeandikwa "vikombe" na kikombe chenyewe ninacho, cha bati. Nikipimeje?*
Kiweke kwenye mizani, ifanye isome sifuri, kijaze maji hadi pale bibi alipokuwa akijaza. Gramu za maji ndizo mililita zake. Kikombe cha mililita 240 hubeba sukari gramu 200, na unga gramu 120 hivi ukimiminwa kwa kijiko, lakini ukichotwa na kukandamizwa unafika 150. Kama wapo wanaokumbuka alivyochota, waulize. Tofauti hiyo inatosha kuikausha keki.

*Imeandikwa wakia 8 na joto 350. Nyuzi 350 si itaungua?*
Itaungua kweli! Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 177 za Selsiasi. Wakia 8 ni gramu 227.

*Yangu inapanda vizuri halafu inazama katikati.*
Ama imetolewa mbichi, ama mlango umefunguliwa mapema, ama beking pauda imezidi. Hiyo ya tatu inasahaulika: vitundu vinakua kupita kiasi, vinapasuka kabla unga haujashika. Kama unga wako ni ule uliokwisha tiwa beking pauda kiwandani, usiongeze.

*Na inayopasuka juu na kufanya kilima?*
Oveni ina moto mkali kuliko inavyosema. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani. Oveni nyingi za nyumbani hazisemi ukweli. Mpasuko mdogo si kosa.

*Nimetumia siagi nzuri kabisa lakini wajomba wanasema "siyo ile ya mama".*
Chunguza kama bibi alitumia majarini. Kaya nyingi zilitumia hiyo, na ndiyo ladha iliyobaki ulimini mwa watoto wake. Jaribu nusu kwa nusu: siagi gramu 120, majarini ya kipande gramu 120. Ile laini ya kupaka mkate iache, nyingi zina maji mengi. Majarini ikiwa na chumvi, ondoa ile robo kijiko.

*Tuko wawili tu, naweza kupunguza nusu?*
Ndiyo. Mayai 2 na vingine kwa uzito wake, bati la sm 15, anza kukagua dakika ya 35. Usitumie bati lile la sm 20. Keki itakuwa nyembamba na itakauka upesi.