Kupanda Kilimanjaro Wakati wa Theluji ya Vuli

Wanaopanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru tarehe 9 Desemba huukuta mlima ukiwa katika mvua za vuli, msimu ambao mawingu yanayomwaga mvua Marangu na Machame huweza kumwaga theluji kwenye miinuko ya juu. Wengi hujiandaa kwa ajili ya theluji hiyo na kuisahau mvua ya msituni, ilhali nguo iliyolowa siku ya kwanza kwenye mita 2,500 ni vigumu kukauka tena, na ndiyo itakayomtesa mwenyewe usiku wa kilele. Maandalizi yote, kwa hiyo, yaelekezwe kwanza kwenye ukavu.

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Moshi iko chini ya mita 1,000, nacho Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Usiku ambao mjini kuna nyuzi 18, kileleni unaweza kutarajia nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa.

Nguo za usiku wa kilele na mfuko wa kulalia vifungwe katika mifuko isiyopitisha maji, kisha visiguswe hadi vitakapohitajika. Mifuko laini ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, basi nunua mifuko mizito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hakikisha pia kwamba mgumu, yaani mpagazi anayekubebea mzigo, ana koti la mvua na buti za kweli. Jambo hili ni la utu kabla ya kuwa la usalama.

Inayogusa ngozi isiwe pamba, kwa kuwa pamba hunywa maji na kukaa nayo. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani. Vaa sufu au kitambaa chepesi cha michezo, juu yake sweta nzito, na juu kabisa koti lisilopitisha maji wala upepo. Mitumba ya Moshi ina makoti mazuri kwa anayejua kuchagua, ila glovu na buti ni afadhali kukodi kwa watu wanaoandaa safari za mlimani kuliko kubahatisha. Ukianza kuhisi joto njiani, vua sweta kabla hujatoka jasho, maana jasho nalo ni maji.

Asiye na vifaa vya kutosha namshauri achague njia ya Marangu, ambako watu hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Popote utakapopita, ondoka kambini mapema, kwani mawingu hukusanyika zaidi mchana.

Usiku wa kilele, chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji huganda mapema, usiutegemee. Simu na betri za tochi zikae kifuani, ndani ya nguo. Miwani ya jua ni lazima, kwani kukicha theluji mpya huurudisha mwanga machoni kwa ukali unaoweza kuyaunguza.

Vidole vikiwa vyeupe na kufa ganzi, vipashe kwapani bila kuvisugua. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuacha kutetemeka huku bado ana baridi, huenda mwili wake umepoteza joto, au ubongo umeathiriwa na mwinuko. Msipoteze muda kubishana ni lipi kati ya hayo mawili: mfunikeni, mteremke naye mara moja, hata kama kilele kinaonekana.

Wakati wa kushuka, changarawe iliyokuwa imeganda usiku hulegea jua linapoiyeyusha. Tumia fimbo mbili, kunja magoti kidogo, na usimfuate aliye mbele kwa karibu.