Mtungi wako wa kuzamia umefeli au umerudi umeharibika? Fanya hivi

Mi kazi yangu ni kukagua na kujaza mitungi ya kuzamia, ile ya hewa anayovuta mzamiaji chini ya maji, na nimeshasimama pande zote mbili za kaunta. Ugomvi mwingi unanifikia ukiwa umeshaharibika: mwenye mtungi ana hasira lakini hana picha hata moja, duka linasema uliuleta hivohivo, na hakuna wa kuamua. Kwa hiyo kazi kubwa iko mwanzoni.

Hatua ya 1: Kabla hujauacha dukani

Vua buti ya chini na wavu, maana uchakavu mwingi unajificha humo maji ya chumvi yanapotuama, alafu piga picha karibu kabisa: kitako, ubavu, vali, na maandishi yote yaliyogongwa begani. Namba ya mtungi iandikwe kwenye risiti. Usikubali "mtungi mmoja wa aluminiamu", mitungi inafanana na kubadilishana kunatokea hata bila nia mbaya. Kwenye risiti hiyohiyo waandike kwamba wakiona tatizo watakupigia kabla ya kufanya chochote zaidi, na kwamba baada ya kipimo cha presha ya maji (nakieleza hatua ya 2) mtungi utakaushwa vizuri ndo vali irudishwe.

Uliza pia kama wanapima wenyewe. Maduka mengi hayana mashine, yanapokea tu na kupeleka kwa mpimaji mwenye kibali, na likitokea la kutokea huyu anamsukumia yule. Uliyempa mtungi na pesa ndo wa kumdai.

Hatua ya 2: Jua umefeli kipimo gani

Hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu "umefeli" ni neno moja lakini vipimo ni viwili.

Cha kwanza ni ukaguzi wa macho. Vali inafunguliwa, mkaguzi anaingiza taa na kioo, anatafuta kutu, vishimo, na nyufa kwenye thredi za shingo. Uingereza ni kila miaka 2 na nusu, Marekani maduka yanadai kila mwaka ingawa hiyo ni desturi ya biashara tu, sio sheria. Duka likikataa kukujazia baada ya ukaguzi huu usibishane, mtungi ukipasuka wakati wa kujazwa anayeumia kwanza ni yule anayejaza. Lakini kukataa kujaza sio ruhusa ya kuutoboa au kuukata. Ni mali yako, uchukue upeleke kwa mkaguzi mwingine.

Cha pili ni cha presha ya maji, wengi wanaita haidro. Marekani na Uingereza ni kila miaka 5, Australia kila mwaka. Mtungi unajazwa maji, unazamishwa kwenye pipa la maji, unasukumwa presha kubwa kuliko ya kazi. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu wa psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha) unapimwa kwa psi 5,000. Mtungi unatanuka, presha ikitolewa unarudi, ila haurudi wote. Ule utanukaji uliobaki unagawanywa kwa utanukaji wote, na kwa mitungi kama hiyo ikizidi asilimia 10 umefeli. Mfano, umetanuka jumla sentimita za ujazo 60 na zimebaki 3, hiyo ni asilimia 5, umepita.

Hatua ya 3: Omba namba, sio maelezo ya mdomo

Kwa haidro omba presha waliyopimia, utanukaji wote na uliobaki. Mpimaji wa kweli anazo, Marekani analazimika kutunza kumbukumbu hizo, na akiukataa mtungi lazima akujulishe kwa maandishi. Pia hugonga alama za X juu ya maandishi ya awali au neno la kuukataa, na alama hiyo haifutwi na mtu. Kama namba zinaonyesha umezidi kiwango, kubali. Lipa na ada ya kipimo, maana walichouza ni kipimo, sio jibu unalolitaka. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wazima wanatafuta duka la kuwajazia mtungi uliokataliwa, na wanajua kabisa umekataliwa.

Kwa ukaguzi wa macho omba picha ya kasoro yenyewe. Wakisema kuna ufa shingoni, angalia mtungi ni wa lini. Ya zamani ya aluminiamu aina ya 6351 (namba ya mchanganyiko wa metali), ambayo watengenezaji Luxfer waliacha kuitumia Marekani mwaka 1988, kweli ilikuwa inapasuka shingoni na inahitaji kipimo cha edi karenti, yaani kifaa cha umeme kinachotafuta nyufa kwenye thredi. Iliyofuata ya 6061 haina tabia hiyo, na kile kifaa kikitumika humo kinaweza kulia kwa mkwaruzo tu. Hapo dai uangaliwe tena na jicho jingine.

Hatua ya 4: Tenganisha uharibifu na uchakavu

Niliwahi kupeleka mtungi wangu wa chuma, ukarudi na stampu mpya na stika safi, nilipofungua vali wiki ileile nikakuta ukungu wa kutu ya rangi ya chungwa ndani kote na maji kama kijiko kule chini. Waliufunga ukiwa mbichi. Sio jambo dogo, kutu inakula oksijeni ya hewa utakayokuja kuvuta chini ya maji. Nilikuwa na picha za ndani za kabla, hawakubishana, wakausafisha kwa gharama yao.

Ila kuwa mkweli na wewe. Kutu nyepesi inayofutika inaweza kutokea ndani ya siku chache, vishimo virefu haviji ndani ya wiki mbili, hivyo ulikuja navyo. Alama za spana kwenye vali, thredi zilizoliwa, bonde jipya ubavuni, hayo ni ya kwao kama picha zako za kabla hazina. Na kama waliupaka rangi ya kuokwa kwenye oveni, uliza joto lilifika ngapi, sheria ya Marekani inaukataa mtungi wa aluminiamu uliozidi nyuzi 177 za Selsiasi.

Hatua ya 5: Andika dai

Fupi, bila matusi: "Habari za kazi. Mtungi wangu namba fulani niliwaachia tarehe fulani, picha za kabla hizi hapa. Nimeuchukua tarehe fulani ukiwa na hali hii, picha hizi hapa. Naomba usafishwe na ukaguliwe upya kwa gharama yenu, au mnilipe thamani yake ya sasa. Nasubiri jibu ndani ya siku 14." Sema thamani ya sasa, sio bei ya mpya, dai la kupita kiasi linakupunguzia imani. Wakinyamaza, peleka karatasi zilezile kwa mamlaka iliyompa mpimaji kibali au mahakama ya madai madogo.

Na mtungi wenyewe, wakati mnavutana, toa hewa taratibu karibu yote, funga vali, bandika karatasi kubwa USIJAZWE, asije rafiki akaubeba akaenda kuujaza kwingine.