Somo: Stoo, kiporo na sufuria kubwa katika jiko la kambi

Nimepika jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu. Jiko la watu 400 lina tabia zake, na ukilichukulia kama la nyumbani litakuumbua. Naanza na stoo, ila nitakaa zaidi kwenye kiporo, maana ndicho kinacholaza watu.

Hatua ya 1: Stoo
Magunia yakae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, na yasiguse ukuta. Acha upenyo wa mtu kupita na tochi akitafuta mavi ya panya. Kila gunia liandikwe tarehe ya kupokelewa, la zamani litoke kwanza. Unga unaonuka uvundo usiuchekeche ukaendelea nao: sumukuvu haitoki kwa chekeche wala kwa moto wa jiko. Mafuta ya taa na dawa ya panya viwe chumba kingine kabisa. Dumu lililowahi kubeba dizeli halirudi tena kubeba maji, hata ulisugue vipi.

Hatua ya 2: Friji
Nyama mbichi rafu ya chini, kilichoiva juu. Nyuzi 5 kushuka chini, friza -18. Weka kipima joto ndani, na usilisheheni friji mpaka hewa ikose njia.

Hatua ya 3: Kiporo
Jumamosi moja, kambi sitaitaja, tulibakiza mchuzi wa nyama nusu ya sufuria la lita 100. Tukafunika, tukaweka jiwe juu ya mfuniko paka asifungue, tukaenda kulala tukijiona waangalifu. Asubuhi nilipotumbukiza mwiko, juu mchuzi umepoa, katikati bado unafuka. Foleni ya chakula cha mchana ilipofika dirishani tulikuwa tumeupasha ukawa vuguvugu tu, tukagawa. Usiku ule paredi ilikuwa chooni.

Kesi yote iko kwenye ule mvuke wa katikati. Kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Zikikuta joto la nyuzi 40 na kitu huamka, na bakteria huongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Sufuria kubwa hulitunza joto hilo usiku kucha kama chupa ya chai.

Kwa hiyo pika kwa hesabu ya waliopo. Mwombe sajenti idadi ya siku hiyo: nani lindo, nani likizo, nani kalazwa. Kikibaki, kigawe kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, trei ziketi kwenye karai la maji baridi huku mtu anakoroga. Kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine, kiingie friji. Kesho yake kipashwe mpaka kichemke katikati, si pembeni tu. Mkiwa porini bila friji, hakuna kiporo. Kimwage.

Hatua ya 4: Vyombo
Kwangua mabaki, osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha tumbukiza kwenye klorini. Jik ya asilimia 3.5: vijiko 4 vya chakula kwenye ndoo ya lita 20 ya maji baridi, chombo kikae dakika 2. Mtaruka kusuuza, nawajua. Povu na mafuta huila klorini, ikabaki harufu tu. Mwisho chombo kifudikizwe juu ya kichanja kikauke chenyewe. Kile kitambaa begani kwa mpishi, kilichofuta jasho, meza na mfuniko, kisiguse sahani.

Maswali ya wanachama

*Afande, shikamoo. Wali wa mchana tukiupasha jioni mpaka unafuka moshi, bado kuna shida?*
Marahaba. Ukishinda mezani, ipo. Bacillus cereus huacha sumu kwenye wali, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa kupasha. Hapo unapasha sumu.

*Mkuu, klorini haitoboi sufuria zetu za alumini?*
Ukiilaza humo usiku kucha, itazila. Sufuria lisilotumbukizika, ukishaliosha, chemshia maji humo humo, uyazungushe mpaka ukingoni, umwage. Mwiko wa mbao nao mwagia maji yanayochemka, uanike juani. Ukipasuka, utumie kuwashia moto.

*Umeme ukikatika friji ihesabiwe saa ngapi?*
Saa 4 kama hamjafungua mlango. Friza iliyojaa hufika saa 48, ya nusu saa 24. Fungeni kamba mlangoni, la sivyo kila mtu atafungua "kuangalia tu".

*Mkuu wa jiko letu ana jipu kidoleni na hataki kuacha kukata nyama. Mimi ni koplo tu, namwambiaje?*
Mdogo wangu, usimwambie mbele ya makuruta. Mfuate kabla ya jiko kuwaka: "Afande, naomba leo nikate mimi, wewe usimamie hesabu." Vijidudu vya usaha huacha sumu isiyokufa kwa kupika, na yeye analijua hilo. Akikataa, nenda kwa daktari wa kikosi mchana huo huo. Ana mamlaka ya kumtoa jikoni bila kutaja jina lako.