Mikoko Ikikatwa: Kuitoa Picha Kwenye Simu Hadi Mezani kwa Afisa

Posti ya mtandaoni inaweza kusimamisha ukataji wa mikoko kwenye ghuba ya Mikindani, Mtwara, au mdomoni mwa Mto Lukuledi, Lindi, ila kwa sharti: iseme ni wapi, ni lini, na ni ofisi gani inayowajibika. Bila hayo itavuna emoji za machozi tu. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

Anza na picha. Piga maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, visiki vinapoonekana hadi mizizini. Tatu zinatosha: ya mbali yenye kitu kisichohama, kama mbuyu au mnara wa simu, ya eneo zima lililokatwa, na ya karibu ya kisiki kimoja. Hiyo ya karibu ndiyo yenye kazi, kwa sababu swali la kwanza la afisa ni kama mti umekatwa au umekufa wenyewe. Onyesha alama ya panga au msumeno, na weka rula au chupa ya maji ya nusu lita kando yake ili ukubwa ujulikane.

Sura za watu ziache. Aliyebeba fito huenda ni kibarua tu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu anayesambaza taarifa za uongo. Andika ulichokiona, si unayemshuku.

Kisha mahali. Bonyeza ramani ya simu kwa sekunde kadhaa, nakili namba zote mbili, ukibakiza tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu tatu zinaacha kosa la kama mita 100, na kwenye matope ya mikoko hapo hapatafutiki. Upande wetu, kusini mwa ikweta, namba ya kwanza huanza na alama ya kutoa: Mikindani ni karibu -10.28, 40.12. Ukiisahau alama hiyo, ramani inakupeleka Ethiopia. Usitegemee picha yenyewe ibebe mahali: WhatsApp huyafuta maelezo hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Itume kama dokumenti.

Sasa anwani. Mikoko ni misitu ya hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Bwawa la chumvi au jengo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni linagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo ni la afisa mazingira wa halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ikiwa ni upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, wahusishe wahifadhi wenyewe. Uvuvi wa baruti ni tofauti: piga simu polisi na BMU, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha ufukweni, kabla ya kuandika popote. Wavuvi hao nao huenda wamo kwenye grupu lenu la WhatsApp.

Siku hiyohiyo unapoposti, peleka barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine irudi na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kijijini, omba suala liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, na hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari. Hapa ndipo kampeni nyingi hufia: grupu lina watu mia mbili, barua haina hata mmoja wa kuipeleka.

Baada ya wiki mbili rudi palepale, maji yakiwa yamekupwa vilevile, upige kutoka pembe ileile. Posti ya pili iwe na picha zote mbili na barua yenye mhuri, namba za simu na majina ya watu yakiwa yamefutwa. Hii ina uzito kuliko ya kwanza, kwani sasa kuna ofisi iliyopokea.

Kwenye maoni atatokea wa kusema tuchange tupande upya. Msichange haraka. Kama tuta la bwawa la chumvi limeziba maji ya bahari, miche itakufa hata ikipandwa elfu. Likibomolewa, na mikoko mizima ikiwa jirani, mbegu huletwa na maji zikaota zenyewe. Na miche inayopandwa kwenye tope la mbele, linalofunikwa na maji muda mrefu mno, hupendeza siku ya picha tu. Mchango ukishapita, dai picha ya mahali hapohapo mwaka mmoja baadaye kabla hamjachangia awamu ya pili.